Wasomaji Wanauliza: Kinyesi cha Kuku na Afya Yake

SWALI: Ndugu mshauri, ninafuga mitetea sita nyuma ya nyumba. Kila asubuhi ninapofagia chini ya fito wanazolalia, hukuta katikati ya kinyesi cha kawaida tope la kahawia iliyokoza, linalonata kama lami na kunuka vibaya mno. Wiki iliyopita niliona pia kipande chekundu kama ngozi nyembamba. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nimewapa antibayotiki mara mbili ndani ya mwezi mmoja, lakini tope lile bado lipo, ingawa kuku wote wanakula vizuri na wanataga. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa, na ninakusihi usiwape tena dawa hiyo kabla ya kuonana na daktari wa mifugo. Tope hilo si kuharisha. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, kuku ana vifuko viwili virefu vilivyoziba upande mmoja, ambamo bakteria huchachusha mabaki ya chakula ambayo utumbo mwembamba haukuweza kuyameng'enya. Vifuko hivyo hujimwaga mara chache kwa siku, takriban mara moja kwa kila vinyesi nane hadi kumi, na kinachotoka ni uji mzito wa rangi ya haradali au kahawia, wenye harufu kali na kwa kawaida usio na weupe juu yake. Ndiyo sababu dawa haikubadilisha kitu: hapakuwa na cha kutibu. Mayai yaliyotagwa wakati wa dawa yasiliwe, wala yale ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio chake.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, jizoeze kukijua kinyesi cha kuku mzima. Ni donge la kahawia au kijivu, gumu kiasi cha kuweza kukaa bila kutawanyika, lenye kofia nyeupe. Weupe huo ndio mkojo wake, kwa kuwa ndege hana kibofu na figo zake hutoa taka kwa umbo la asidi ya yuriki, ambayo hutoka pamoja na choo kupitia tundu moja. Kuku aliyekula majani mengi atatoa kinyesi cha kijani, na siku ya joto kali, anapokunywa maji mengi, kinyesi kitakuwa chepesi bila ya yeye kuumwa.

Kuhusu kipande chekundu, hapo ndipo umakini unapohitajika. Utando wa ndani wa utumbo hujibambua na kujijenga upya, na kipande kidogo cha rangi ya chungwa au nyekundu kinachoonekana mara moja moja kisikukoseshe usingizi. Damu yenyewe ni jambo jingine. Ukiiona imechanganyika na kinyesi, ikajirudia, na kuku akawa amejikunyata, manyoya yamesimama na upanga wa kichwani umepauka, shuku koksidiosi mara moja. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vya jenasi ya Eimeria, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huharibu ukuta wa utumbo na huwaua hasa vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi, na yakipata joto, hewa na unyevu hukomaa kwa siku moja au mbili na kuwa tayari kumwambukiza kuku atakayeyadonoa, kwa hiyo kufagia kila siku kama unavyofanya, na kuondoa matandazo yaliyolowa karibu na chombo cha maji, ni kinga ya kweli. Dawa ya minyoo haiwaui vimelea hawa. Inayotumika sana ni amproliamu, ambayo hutiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo cha daktari.

Kijani kibichi chenye maji na chembe chache za choo, kwa kuku ambaye hakula majani, huwa ni nyongo inayopita katika utumbo mtupu. Maana yake kuku huyo hali, hata kama unamwona akidonoadonoa pamoja na wenzake. Kikiambatana na kukoroma, kupooza au shingo kupinda, huenda ni kideri. Ugonjwa huo hauna tiba, kinga yake ni chanjo, na daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa fito moja hulaliwa na wengi, kinyesi pekee hakikuambii ni cha nani. Ukipata shaka, mtenge kuku mmoja kwa siku moja juu ya karatasi safi, umtazame manyoya ya nyuma kama yamechafuka, na umpapase gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo) asubuhi kabla hajala, kwani linapaswa kuwa tupu. Kama bado huridhiki, chukua vinyesi vibichi kadhaa, vile vya kunata vikiwemo, uviweke katika chombo safi mahali pa baridi na uvifikishe maabara siku hiyo hiyo. Hapo ndipo mayai ya minyoo na ya koksidia, yaani vimelea vile vya koksidiosi, huonekana kwa hadubini. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu hata kuku mzima anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu.

SWALI: Kuku wangu anaatamia. Anapotoka kiotani hutoa kinyesi kikubwa ajabu chenye uvundo. Je, anaumwa?

JIBU: Haumwi. Katika siku 21 za kuatamia, kuku hutoka kiotani mara moja au mbili tu kwa siku, naye hujizuia asichafue mayai, hivyo choo hujikusanya na kutoka kwa mkupuo. Muwekee chakula na maji karibu. Lakini ukikuta amejisaidia juu ya mayai, au haondoki kabisa kwenda kula, mwondoe kwa upole umkague.