Projesteroni ya siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 35, na shemeji ambaye hajapima

Dada wa Sakina, Arusha, umeuliza mambo mawili: kama kweli mayai yako hayapevuki kwa vile projesteroni ya siku ya 21 ilitoka chini, na kama ile dawa ya kunywa ya laki na nusu, ya kusafisha mirija ya uzazi, itasaidia. Una miaka 31, mzunguko wako ni siku 35, mmetafuta mtoto miaka miwili, na shemeji, yaani mume wako, hajagusa maabara.

Maabara huenda haikukosea kitu, tarehe ndiyo haikuwa yako. Projesteroni ni homoni inayopanda baada ya yai kutoka, na kilele chake ni kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa 28. Wewe yai linatoka karibu na hiyo siku ya 21 yenyewe, kwa hiyo ukitoa damu siku hiyo lazima isome chini hata kama ovari ni nzima kabisa. Rudia siku ya 28, na kama siku zimechelewa, rudia tena baada ya wiki. Siku ya kwanza uihesabu damu inapotoka ya kuhitaji pedi, matone ya jana yake usiyahesabu. Jibu likija angalia kizio: zaidi ya 3 kwa ng/ml inaonyesha yai lilitoka, lakini maabara nyingine huandika nmol/l, na hapo 3 hiyohiyo inakuwa karibu 9.5. Watu wanalinganisha namba za vizio tofauti halafu wanaanza kulia bure. FSH na LH, homoni zinazoiamrisha ovari, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5. TSH (ya tezi ya shingo) na prolaktini (homoni ya maziwa) haziangalii siku, ila prolaktini ichukuliwe asubuhi ukiwa umetulia, na useme kama unatumia dawa za kuzuia kutapika au za akili, maana baadhi huipandisha.

Sasa shemeji. Kipimo chake, cha mbegu za kiume, hakina sindano wala eksirei, na bado ndicho kinachoachwa mwisho, baada ya mke kumaliza akiba yote. Akae bila kumwaga siku mbili hadi saba. Pungufu ya hapo idadi hushuka, na akikaa wiki tatu kwa kudhani anazilimbikiza, atapeleka mbegu nyingi zisizotembea. Atoe kwa mkono kwenye kikopo cha maabara, bila mafuta, sabuni, mate wala kondomu ya kawaida. Tone la kwanza likimwagika nje aseme, kwa sababu mbegu nyingi zimo humo. Vizuri atolee palepale hospitalini. Akitolea nyumbani, kikopo kikae mfuko wa ndani karibu na mwili na kifike ndani ya saa moja, na baridi ya Julai ya Arusha mnaijua. Msidanganyike kutolea Arusha kwa ajili ya kipimo cha KCMC, ile hospitali ya Moshi: ni kama kilomita 80, mbegu zitafika Moshi zimechoka na cheti kitasema ni mgonjwa.

Vigezo vya WHO vya 2021, mpaka wa chini: ujazo 1.4 ml, mbegu milioni 16 kwa ml, zinazotembea 42%, zenye umbo zuri 4%. Hiyo 4% huwatisha wanaume, lakini ndivyo ilivyo. Jibu likitoka baya, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo malaria ya Machi inaweza kuonekana kwenye cheti cha Mei. Na kama anachoma testosteroni za gym, aseme ukweli: hizo huzima kiwanda chenyewe.

Mirija inaonekana kwa HSG, ile eksirei ya kuweka dawa kupitia shingo ya kizazi. Hufanywa damu ikishakata na kabla yai halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 11, na msikutane tangu hedhi ianze. Mtaje aleji ya ayodini na ute wowote wenye harufu, maana maambukizi yatibiwe kwanza. Kama huna vidonda vya tumbo, ibuprofeni 400 mg saa moja kabla inapunguza yale maumivu. Ikisomwa kwamba mirija yote miwili imeziba pale inapoungana na kizazi, usikubali haraka, huwa inabana tu kwa muda na kujifanya imeziba. Ikiwa imeziba mwishoni na kujaa maji, hiyo ni halisi, mara nyingi ni kovu la PID ya zamani, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi. Kovu halioshwi na kitu ulichokunywa kikaenda tumboni, kwa hiyo laki na nusu yako iende kwenye kipimo. Hata wanaokwenda IVF (kutungishiwa mimba maabara), mrija uliojaa maji huondolewa au kufungwa kwanza, kwa sababu maji yale hurudi kwenye kizazi na kupunguza nafasi ya mimba kushika.

Letrozoli ya 2.5 mg, siku ya 3 hadi ya 7, ni dawa nzuri kwa asiyepevusha, hasa mwenye PCOS (ovari zenye vifuko vingi vidogo). Ila iandikwe na daktari na ifuatiliwe kwa utrasaundi, na isianze kabla majibu ya shemeji hayajatoka.

Majibu yakija weka hapa namba na vizio vyake, siyo picha ya cheti chenye majina yenu.