Rejeta nyuma ya Kombi: je, itapoza?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina Volkswagen Kombi ya mwaka 1969 yenye injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa. Vilima vinaishinda; nikipakia watu sita napanda kwa gia ya pili. Nimepata injini ya Subaru EJ22 iliyo nzima na fundi wangu amekubali kuifunga. Anasema rejeta ikae hukohuko nyuma, juu ya giaboksi, kwa kuwa matundu ya hewa yapo tayari kwenye kona za bodi na mipira ya maji itakuwa mifupi. Anataka pia tutoe themostati (vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ili maji yazunguke muda wote. Naomba kujua rejeta ya ukubwa gani itatosha, na kama giaboksi ya zamani itahimili.

JIBU: Marahaba. Swali hili naletewa kila mara, hubadilika jina la injini tu. Na karibu kila mara mwenye gari anauliza ukubwa wa rejeta wakati tatizo liko mahali ilipopangwa kukaa.

Giaboksi niimalize haraka. EJ22 imelala bapa kama injini yako ya zamani na inazunguka upande uleule, kwa hiyo bamba la kuunganishia na flaiwili inayolingana vinatosha kuikalisha. Nguvu yake ya kuzungusha ni karibu mara mbili ya ile ya 1600. Giaboksi nzima itahimili ukiendesha kistaarabu. Ukizoea kuachia klachi kwa kishindo ukiwa na mzigo, utaisaga. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni breki. Kombi ya 1969 ina dramu magurudumu yote manne. Diski za mbele zilianza kuwekwa kiwandani Agosti 1970. Injini ya farasi 47 kuipisha ya farasi zaidi ya 130 bila kugusa breki ni kujitafutia balaa.

Sasa tuje kwenye rejeta. Imani inayonichosha kuliko zote ni hii: kwamba ukishaweka injini ya maji, maji yatapoza. Maji hayapozi kitu. Maji ni mchukuzi tu, anabeba joto kutoka kwenye silinda na kulifikisha kwenye rejeta. Anayelipokea na kuondoka nalo ni hewa. Injini yako mpya itapozwa na hewa kama ile ya zamani, ila kwa njia ndefu zaidi, na njia hiyo ndiyo wengi wanaibana.

Fundi wako anasema matundu yaliyoitosha injini ya 1600 yataitosha na Subaru. Tuangalie hesabu. Injini ya petroli hubadilisha robo hadi theluthi hivi ya nishati ya mafuta kuwa nguvu ya kusukuma gari. Sehemu nyingine kubwa, ambayo mara nyingi hukaribia nguvu hiyo yenyewe, huingia kwenye maji. Kwa hiyo EJ22 ikikupa kilowati 60 kupanda mlima, rejeta inatakiwa itupe nje joto linalokaribia kiasi hicho, dakika zote za mlima huo. Injini yako ya zamani hata ukiikanyaga mpaka chini haifikishi kilowati 35.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawajawahi kulifikiria. Mapezi ya silinda hedi ya injini ya hewa, ikifanya kazi ngumu, hupita nyuzi 150 za Selsiasi bila shida. Hewa ya nyuzi 35 ikipita hapo inakuta tofauti ya nyuzi 115, inabeba joto jingi kwa mpigo mmoja. Rejeta ina maji ya nyuzi 90 hivi. Hewa ileile inakuta tofauti ya nyuzi 55 tu. Umeongeza joto la kutupa na wakati huohuo umepunguza kasi ya kulitupa. Matundu yaleyale yatatosha vipi?

Tena matundu hayo hayaingizi hewa yenyewe. Ile feni ya zamani ilizungushwa na mkanda, injini ikikimbia nayo inakimbia, ikivuta hewa kwa nguvu ndani ya mabati yaliyofungwa kila upande. Ukiing'oa ukaweka feni ya umeme, mvutano ule umekwisha. Hewa huenda kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo. Mbele ya gari lililo mwendoni mgandamizo ni mkubwa. Nyuma ya gari lenye umbo la sanduku kama Kombi kuna vurugu ya hewa inayozunguka, imechanganyika na joto la ekzosi na sampu (bakuli la oili chini ya injini). Rejeta iliyo juu ya giaboksi inapuliza hewa ya moto juu ya injini, kisha inaivuta hiyohiyo tena. Ongeza feni ya pili, na ya tatu. Zitazungusha joto lilelile.

Volkswagen wenyewe walikutana na swali hili. Walipoweka injini ya maji kwenye T3, toleo lililofuata baada ya Kombi ya aina yako, mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini ilibaki nyuma lakini rejeta ikapelekwa mbele, mabomba yakapita chini ya sakafu. Brazili, walikoendelea kutengeneza Kombi yenye umbo linalokaribia sana lako, injini ya hewa ilidumu hadi mwishoni mwa 2005. Ilipoingia ya maji ya lita 1.4, rejeta iliwekwa puani, ikafunikwa kwa wavu mweusi, na ikakaa hapo hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2013. Hakuna aliyependezwa na sura ile. Injini yenyewe ilikuwa ndogo kuliko EJ22. Kama nyuma kungefaa, wasingeharibu uso wa gari.

Kama hutaki kukata pua, ipo njia ya kuilaza rejeta chini ya sakafu, imeinama, ikiwa na mdomo wa kukamata hewa uliozibwa kingo zote na feni za kuvuta. Inawezekana, ila inataka bati lililopimwa vizuri, na ukipita kwenye mawe au tope utaijutia. Nyuma, hapana.

Kuhusu themostati, hapa naomba fundi wako asome mwenyewe. Kwenye EJ22 themostati imekaa chini, mahali maji yanaporudi kuingia kwenye pampu, si juu yanapotoka. Inahisi joto kwa maji yanayorudi kupitia mipira ya hita. Kombi haina hita ya maji, kwa hiyo mafundi huziba ile mipira kwa boliti na klempu na kuendelea na kazi. Matokeo yake themostati inakaa kwenye maji ya baridi huku silinda zinaungua. Utakuta mpira wa juu unachoma mkono, rejeta chini ni baridi kabisa, na gari linachemsha. Fundi anatamka kwamba themostati ni mbovu, anaitupa. Haikuwa mbovu, ilizibwa masikio. Ile mipira iunganishwe, ama na hita ndogo ya kweli ama na mpira mmoja wa kuyarudisha maji kwenye pampu.

Kuitoa themostati hakukupi ubaridi wa ziada unaouhitaji mlimani, kwa sababu ikifika huko tayari imefunguka yote. Unachopata ni injini inayochelewa kupata joto barabarani tambarare. Kompyuta ya injini inadhani ni asubuhi bado, inamwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Ugonjwa huu wa kutoa vitu hauko kwenye Kombi peke yake. Makanjanja wana dawa moja kwa kila gari linalochemsha: toa. Themostati itolewe, kifuniko cha rejeta kilegezwe ili mipira isipasuke, dawa ya kupozea iachwe kwa kuwa maji ya bomba ni bure. Kifuniko chenye mgandamizo wa takriban baa moja husogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kilegeze, na maji yatachemka kwenye 100, au chini ya hapo ukiwa nyanda za juu. Mvuke haubebi joto kama maji, silinda hedi ya alumini inapinda, gasketi inaungua, na lawama zinaangukia Subaru. Nimefungua injini za namna hiyo zikiwa na tope la kutu jekundu ndani ya njia za maji, na mwenye gari anaapa kwamba alikuwa anaongeza maji kila asubuhi. Gari linalotaka maji kila asubuhi linavuja au linachemsha. Kuliongezea tu si kulitengeneza.

Ukubwa, basi. Chukua rejeta ya gari lililotoka kiwandani na injini yenye nguvu sawa na hiyo au zaidi, iweke mbele, funga feni mbili ndani ya kasha linaloziba kingo. Mabomba ya kwenda na kurudi yawe na kipenyo cha milimita 38 hivi, yasiwe na kona kali. Hewa kunasa ndani ya mabomba marefu si sababu ya kuyakwepa: chupa ya maji ikae juu kuliko kila kitu, rejeta iwe na skrubu ya kutolea hewa juu kabisa, na siku ya kujaza inua pua ya gari, fungua skrubu hiyo mpaka yatoke maji matupu. Andaa lita 15 au zaidi za mchanganyiko wa maji na dawa ya kupozea, usishangae.

Weka geji ya joto, kwa sababu dashibodi yako haijawahi kuwa nayo, na pamoja nayo taa ya kuonya maji yakipungua kwenye chupa. Geji peke yake hudanganya: maji yakiisha, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka, nawe umekaa mbele kabisa, husikii wala hunusi kinachotokea nyuma.

Na injini ya 1600 usiiuze bado, wala usiruhusu mabati yake yatupwe. Kama fundi atashikilia rejeta ikae nyuma, utaihitaji.