Kiwanja kiwe bosi wako wa pili: maswali yenu kuhusu nyumba ya kwanza

Wiki mbili zilizopita niliuliza hapa nani yuko kwenye safari ya nyumba yake ya kwanza, na simu imejaa meseji kutoka Mwanjelwa mpaka Makambako. Nimechagua saba. Kwa msiojua, nilikaa dirishani kwenye SACCOS miaka 17 nikipokea akiba za watu, na nyumba yangu ya Isyesye, hapa Mbeya, ilinila miaka 9. Kwa hiyo siongei kama tajiri.

Shikamoo mama. Naendesha bodaboda ya mtu, kijiwe changu ni Kabwe. Nikishatoa hesabu ya bosi 10,000 na mafuta, nabaki na 8,000 hadi 12,000, na haifiki kesho. Kiwanja nitakipata lini?

Marahaba mwanangu. Angalia kitu unachokiweza tayari: hesabu ya bosi. Mvua inyeshe, abiria wakimbie, ile 10,000 inapatikana, kwa sababu unajua usipoipeleka pikipiki inachukuliwa. Basi mpe kiwanja cheo cha bosi wa pili. Mpangie hesabu ndogo, tuseme 3,000, na ilipwe kabla hujaagiza chipsi. Kwa siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, 936,000.

Usiiweke kwenye laini unayopokelea nauli, utaila. Tafuta kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Kibubu chenye kufuli na ufunguo mfukoni mwako hicho si kibubu, ni droo. Kila mwisho wa mwezi kipasue, fedha iende SACCOS au benki, maana kibubu hakizai na panya hawachagui noti.

Ila ningekuwa wewe, akiba ya kwanza isingenunua kiwanja. Ingenunua pikipiki, hata iliyotumika, mradi fundi unayemwamini ameikagua injini. Siku utakapoacha kupeleka 10,000 kwa mtu, hiyo ni 260,000 kwa mwezi, na tayari umezoea kuishi bila kuigusa. Toa ya matairi na matengenezo, inayobaki ndiyo hesabu ya kiwanja.

Mimi na mume wangu ni walimu Mafinga. Tukijumlisha mishahara baada ya makato tunapata kama 1,500,000. Kuna nyumba Iringa mjini inauzwa milioni 60, na benki wanasema mkopo wa nyumba upo, riba asilimia 15, miaka 20. Tuchukue, au tujenge kidogokidogo kama wenzetu?

Hapa nitakaa kidogo, maana meseji za namna hii ndizo zimekuwa nyingi.

Tupige hesabu kwanza. Milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 inayotozwa kwenye deni linalobaki, kwa miaka 20, rejesho ni kama 790,000 kila mwezi. Mpaka mnamaliza mtakuwa mmelipa karibu milioni 190. Nyumba moja mmeilipia tatu. Na kwa kawaida benki haitoi bei yote, inataka nanyi mtangulize sehemu. Kuna gharama ya uthamini, mwanasheria na bima. Nyumba lazima iwe na hati safi, na nyumba nyingi nzuri za huku kwetu hazina. Kumbukeni pia kwamba mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa mpaka mshahara ushuke chini ya theluthi, kwa hiyo kama mmoja wenu tayari ana mkopo, mlango umeshafungwa nusu.

Sasa igeuzeni ile 790,000. Mkiweza kweli kuitenga kila mwezi, miaka 4 ni karibu milioni 38, kabla ya faida yoyote. Isikae akaunti ya mshahara. Iwekeni inapozaa na pasipo na kadi ya ATM: SACCOS yenye leseni, au vipande vya UTT AMIS, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Halafu jengeni kwa hatua, na kila hatua iwe na bajeti yake na mwisho wake: kiwanja na karatasi zake, msingi na jamvi (sakafu ya zege), boma, yaani kuta, mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), kupaua, halafu milango, madirisha na choo. Ripu, rangi na dari ni mambo ya watu ambao tayari wamelala ndani. Na ninyi mko Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill. Mbao za kenchi, zile za kubeba paa, ambazo mtu wa Mbeya analipia na nauli, ninyi mnazipata mlangoni.

Kama ni lazima mkope, kopeni kwa ajili ya paa. Msingi unaweza kusubiri mwaka. Ukuta unaweza kusimamia kozi ya sita ya tofali mpaka mpate nguvu. Lakini boma lililofika juu bila bati linaliwa na masika, hasa la tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, na paa haliezekwi nusu. Dirishani kwangu nimeona wengi waliokopa kinyume chake: mkopo wa miaka 6 ukaanza na msingi wa kifahari, ukaishia kwenye lenta, na makato yakaendelea huku majani yakiota chumbani.

Nisiwaonee watu wa benki. Mwenye mshahara mkubwa, anayehamishwahamishwa, asiye na ndugu wa kusimamia fundi, mkopo wa nyumba iliyokwisha unaweza kumfaa. Ujenzi wa kusimamiwa kwa simu nao una riba yake, ila haiandikwi popote.

Nalima viazi Isyonje. Fedha yangu inakuja kwa mkupuo, mwaka jana nilishika milioni 3 na sijui zilikwenda wapi. Nikivuna safari hii, ninunue vifaa vya ujenzi nitunze?

Ndaga, yaani asante, kwa swali. Kabla ya vifaa, toa kwanza mbegu na mbolea ya msimu unaofuata, maana nyumba yako inajengwa na shamba. Ukishatoa hizo, ndiyo, nunua vifaa, lakini si vyote.

Tofali za kuchoma nunua kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati matanuri yanafuka moshi kila kona na wauzaji wanagombania wateja. Mvua zikianza tofali mbichi hazikauki, na bei inapanda. Usinunue kwa macho. Chukua mbili ugonganishe: zikilia kama chuma, zimeiva, zikitoa sauti ya mlango uliolowa, zimeiva nje tu. Vunja moja uangalie moyo wake. Na zisishushwe kiwanjani kama hakuna jirani wa kuziangalia, tofali za huku zina miguu usiku.

Nondo zinatunzika zikiinuliwa juu ya mbao na kufunikwa. Bati zinatunzika ndani. Saruji, hapana. Mwaka wangu wa tatu wa ujenzi nilisikia bei itapanda, nikanunua mifuko 40 nikaipanga kwenye korido ya nyumba niliyopanga, chini kabisa, juu ya sakafu. Ilikuwa Desemba. Fundi alinidanganya anakuja Januari, akaja mwishoni mwa Machi. Tulipoinua mfuko wa kwanza ulitoka mzima kama jiwe, na umbo la mfuko lilelile, mpaka mikunjo ya karatasi. Mifuko 23 ilikuwa hivyo. Mitano kati ya hiyo ndiyo ngazi ya mlango wangu wa nyuma mpaka leo; wajukuu wanaikalia wakila mahindi. Saruji inunuliwe wiki ambayo fundi ameshafika na maji yapo.

Nimepata kiwanja cha milioni 2 mlimani, pembeni ya kijito, mandhari nzuri, unaona mji wote. Vya jirani vinauzwa 6. Karatasi ina muhuri wa mtaa. Dalali anasema kuna watu watatu wanakitaka.

Wale watu watatu nawajua, wako kwenye kila kiwanja.

Ukiona cha milioni 6 kinauzwa 2, milioni 4 zimekwenda mahali. Hapa zimekwenda majini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Pima kwa miguu yako uone kama kuna kiwanja kinachobaki. Na mlima nao si picha ya ukutani. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka likafukia nyumba kule Itezi.

Muhuri wa mtaa unasema tu kwamba mwenyekiti aliwaona mkiuziana. Hausemi ardhi ni ya muuzaji, wala kwamba hapo ni makazi. Nenda idara ya ardhi ya jiji uulize mchoro wa mipango miji unasemaje kuhusu eneo hilo. Kama kina namba na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa na kama kimewekwa rehani. Kikiwa karibu na barabara kuu, kumbuka hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Waliokuwa kando ya barabara kuu wakati wa upanuzi wa njia nne hapa Mbeya watakusimulia.

Kitu kingine hakina ada. Nenda kiwanjani siku ya mvua kubwa ya Machi, umtafute mama anayeuza mandazi jirani, umuulize maji yanapita wapi. Nunua na mandazi.

Na siku ya kulipa, kwa kiwanja chochote, mwenzi wa muuzaji awepo na asaini, fedha ipite benki. Ukiambiwa mke wake yuko safari, msubiri arudi safari. Tenga pia fedha juu ya bei, kwa ajili ya mwanasheria, ushuru wa stempu, upimaji na hati. Wengi wanafika na bei kamili mkononi halafu kiwanja kinakaa miaka 10 bila karatasi.

Dada, mume wangu amechora ramani ya vyumba vinne, sebule mbili na baraza la nguzo. Tuna milioni 9 na kiwanja. Tumepanga Ilomba, 120,000 kwa mwezi. Nikimwambia tupunguze anasema sina ndoto.

Mdogo wangu, ndoto unayo, ila yako ina choo.

Usibishane naye kuhusu ukubwa, utashindwa, wanaume wanapenda nguzo. Mwombe fundi aikate ramani ileile vipande viwili. Kwanza ijengwe nyumba ndogo ya uani: vyumba viwili, jiko, choo na bafu, iezekwe, mhamie. Hapo mnaacha kulipa 1,440,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo inayoanza msingi wa nyumba ya mbele. Nyumba kubwa ikiisha, ya uani mnaipangisha au anakaa bibi. Mwenye nyumba aliyewahi kuwadai kodi ya miezi sita kwa mpigo hamtamkumbuka.

Ukitaka ushahidi, mchukue Jumapili mtembee kuelekea Uyole mhesabu maboma. Kuna moja lina sebule mbili kama yenu. Kwenye ile kubwa umeota mpapai, na unazaa.

Halafu hati iandikwe majina yenu wote wawili. Sheria ya ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini jina kwenye karatasi linaondoa maneno mengi.

Kikoba chetu kinavunjwa Desemba, nitapata 1,700,000. Nataka niongezee mkopo wa kausha damu ninunue kiwanja kabla bei haijapanda.

Hapana. Bei ya kiwanja inapanda kwa mwaka, kausha damu inapanda kwa wiki. Zungusha tena kikoba.

Nyumba yangu Kihesa, Iringa, ina paa na mlango mmoja. Haina ripu, haina dari, madirisha ni matundu. Mke wangu anasema tuhamie, mimi naona aibu. Lini ni sahihi?

Paa lipo? Mlango unafungwa? Choo kipo? Hameni mwezi huu, kabla hamjalipa kodi nyingine. Mkivuta umeme, kodi ya jengo itakatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, msishtuke uniti zikipungua.

Sisi tulihamia Julai, na mnaijua Julai ya Mbeya. Madirishani tulipigilia turubai la lori, usiku lilikuwa linapiga kama tanga, na mume wangu alilala na koti na soksi wiki tatu. Vioo tuliweka mwaka wa pili. Pazia, nadhani mwaka wa tatu. Kabla ya hapo zilikuwa khanga zangu, na mojawapo bado iko dirisha la jikoni.