Maswali ya Wasomaji: Kilomita za Karatasini na Kilomita za Barabarani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu magari madogo ya umeme, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: muuzaji, mhakiki na mwenye gari kila mmoja anataja namba yake. Nimechagua tano ambazo majibu yake yanashikana.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, gari ninaloliwazia limetangazwa kuwa linakwenda kilomita 320 kwa chaji moja. Mhakiki mmoja ameandika 210 na mwingine 290. Nani kati yao anatudanganya?

JIBU: Huenda wote watatu wamesema kweli. Urefu wa bodi ukishaupima umemaliza, lakini umbali wa chaji moja hubadilika kila anapobadilika mpimaji, kwa kuwa kila mmoja ana mwendo wake, hali yake ya hewa, na asilimia yake ya betri ya kuanzia na kuishia.

Namba ya tangazo hutoka maabara. Barani Ulaya, utaratibu wa kupima magari unaoitwa WLTP ulianza mwaka 2017 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa NEDC, ambao mwendo wake wa wastani ulikuwa kama kilomita 34 kwa saa tu. Katika WLTP gari hupandishwa juu ya roli zinazozunguka papo hapo, likaendeshwa kwa ratiba ya dakika 30 yenye kilomita 23 na kidogo, kwa wastani wa takriban kilomita 46 kwa saa, na kwa kitambo kifupi hufika 131. Joto la chumba ni nyuzi 23, na kiyoyozi kimezimwa. Marekani, EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, hutumia ratiba ya mjini na ya barabara kuu, kisha matokeo kwa kawaida huzidishwa kwa 0.7 ili yakaribie hali halisi ya barabarani. China wana kipimo chao, CLTC, ambacho mwendo wake wa wastani haufiki kilomita 30 kwa saa, na ndiyo sababu namba zake huwa za ukarimu mno.

Mfano ninaoupenda ni wa Nissan Leaf ya kwanza, yenye betri ya kWh 24 (kilowati-saa, kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi). Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule ilipewa kilomita 200, kwa NEDC ya Ulaya ikapewa 175, na EPA wakaipa maili 73, yaani kilomita 117. Betri ni ile ile na mota ni ile ile. Kwa hiyo kabla ya kushangilia namba au kuikasirikia, tafuta herufi zilizoandikwa pembeni yake. Kwa magari madogo ongeza tahadhari moja zaidi: WLTP hutoa pia namba ya mjini peke yake, ambayo huwa kubwa kuliko ile ya jumla, na si nadra kuikuta hiyo ndiyo iliyochapwa kwa herufi nene.

SWALI: Wahakiki wenyewe hupimaje huko barabarani, na nitajuaje kwamba aliyepima amepima sawasawa?

JIBU: Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo naomba uvumilivu wako.

Mpimaji makini huanza kwa kujaza betri na kupima upepo wa matairi, kwani tairi lililolegea hula umeme kimyakimya. Kisha huchagua mwendo mmoja, tuseme kilomita 90 kwa saa, na kuushikilia kwa kuangalia kifaa cha satelaiti badala ya mshale wa dashibodi, kwa sababu kanuni za kimataifa zinauruhusu mshale huo uzidishe kidogo na kuukataza usipunguze. Huenda na kurudi kwa njia ile ile, ili mlima aliouteremka aupande na upepo uliomsukuma umkabili. Mwisho huandika kilomita alizokwenda, kilowati-saa alizotumia, joto la hewa, na kama barabara ilikuwa kavu au imelowa. Bjørn Nyland wa Norwei amejipatia jina kwa kupima kila gari kwa kilomita 90 kisha 120 kwa saa, mwaka hadi mwaka, kwa utaratibu usiobadilika. Faida yake kubwa ni kwamba gari la leo unaweza kulilinganisha na la miaka mitano iliyopita. Huko huko Norwei chama cha wenye magari, NAF, huyaendesha magari mengi siku moja na njia moja, majira ya baridi na ya joto, hadi yazimike. Katika jaribio lao la baridi la mwaka 2020, magari 20 yalipoteza kwa wastani asilimia 18.5 ya umbali uliotangazwa.

Kwa nini mwendo una nguvu kubwa kiasi hicho? Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 ukaenda 120 umeongeza theluthi moja ya mwendo, lakini hewa inakukaba kwa nguvu zaidi kwa asilimia 78 hivi. Gari dogo hapa limeonewa: betri yake ni ndogo, lakini kwa kuwa limeinuliwa juu ili watu wakae vizuri na nyuma yake limekatwa ghafla, halipasui hewa kwa wepesi kama gari refu lililolala. Ndiyo maana gari linalong'ara mjini huweza kuaibika kwenye barabara kuu, na mhakiki aliyelijaribu mjini tu amekupa nusu ya habari.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita haraka, ni joto la ndani. Chukua kipasha joto kinachotumia kilowati 2 mfululizo. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 100 kwa saa, safari ya kilomita 100 huchukua saa moja, na kipasha joto kimekula kWh 2. Katika msongamano wa mjini, kwa kilomita 25 kwa saa, kilomita hizo hizo huchukua saa nne, na kipasha joto kimekula kWh 8. Ikiwa gari lenyewe linahitaji kWh 11 kwa kilomita 100 za mjini, matumizi yamepanda kwa karibu robo tatu bila dereva kuongeza mwendo hata kidogo. Safari fupifupi huumiza zaidi, maana kila mara unapasha moto gari lililokwisha kupoa. Kwa hiyo mhakiki wa gari dogo asiyeeleza kama kipasha joto kilikuwa kimewashwa, na kama ni cha waya wa umeme au ni pampu ya joto ambayo hutumia umeme mchache kwa joto lile lile, ameacha pengo katika kazi yake.

Binafsi naanza kusoma uhakiki kwa kutafuta namba mbili: kWh za betri zinazoweza kutumika kweli, kwani sehemu ya betri hufungiwa ili kuilinda, na matumizi kwa kilomita 100. Tuseme betri inatoa kWh 36. Matumizi yakiwa 12, umepata kilomita 300. Yakiwa 18, umepata 200. Na kwa kuwa safarini watu wengi huchaji hadi asilimia 80 na hawapendi kushuka chini ya 10, zidisha kwa 0.7: zimebaki 210 au 140. Namba tatu za msomaji wa kwanza huenda zimetoka katika hesabu ya namna hii, kila mtu na mwendo wake.

SWALI: Nimesoma kwamba gari fulani dogo linachukua sekunde 19 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Je, hilo si hatari barabarani?

JIBU: Bila shaka umesoma kuhusu Dacia Spring ya nguvu farasi 45, ambayo sekunde zake ni 19 na pointi; toleo lililofuata la nguvu farasi 65 lilishuka chini ya 14. Lakini kipimo cha sifuri hadi 100 kilizoeleka zama za injini za petroli, na hakilitendei haki gari la mjini. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama, bila kungoja gia. Kwenye taa za barabarani, kanyaga mafuta (msemo umebaki ingawa mafuta hayamo) na gari dogo litawaacha wengi kwa mita chache za kwanza. Lami ikiwa imelowa, utasikia matairi ya mbele yakilia kabla hayajashika.

Kwa hiyo mhakiki mzuri hukupa sifuri hadi 50, ambako gari dogo hutumia maisha yake mengi, kisha 80 hadi 120, ambako unahitaji kulipita lori na kurudi upande wako salama. Wasiwasi wako ni halali katika kipimo hiki cha pili, na magari madogo huachana sana hapo. Uliza pia betri ilikuwa na asilimia ngapi. Baadhi ya magari hupunguza nguvu chaji inapokaribia kwisha, au betri ikiwa baridi, au baada ya kulikimbiza mara kadhaa mfululizo, na jaribio moja la betri iliyojaa halitalifichua hilo. Jambo dogo la mwisho: majarida mengi ya Marekani huanza kuhesabu gari likishasogea futi ya kwanza, hivyo sekunde zao huwa pungufu kidogo kuliko za wenzao wa Ulaya.

SWALI: Jana asubuhi dashibodi ilinionyesha kilomita 240, nikawasha kipasha joto ikawa 215 kabla hata sijatoka. Gari lina hitilafu?

JIBU: Hapana. Namba hiyo ni ubashiri unaojengwa juu ya namna ulivyoendesha siku za karibuni, na gari limezingatia ulichowasha. Mhakiki akitoa umbali kwa kusoma ubashiri huo peke yake, bila kuendesha, ruka aya hiyo. Wewe tumia asilimia ya betri.

SWALI: Dashibodi inasema nimetumia kWh 14 kwa kilomita 100, lakini mita ya nyumbani inahesabu zaidi. Wanaoniibia ni akina nani?

JIBU: Hakuna anayekuibia. Dashibodi huhesabu umeme uliotoka kwenye betri, ilhali mita huhesabu uliotoka ukutani, na sehemu yake hupotea kama joto katika kifaa cha kuchaji kilichomo ndani ya gari na katika nyaya. Upotevu wa asilimia 10 hadi 15 si wa ajabu, na huongezeka ukichaji polepole sana kwenye soketi ya kawaida, kwa sababu kompyuta za gari hukaa macho saa nyingi zaidi. Matumizi yanayotangazwa kwa WLTP yamekwisha kuujumuisha upotevu huo, lakini wahakiki wengi huandika ya dashibodi. Ukiwalinganisha, hakikisha kwanza kila mmoja amesoma mita ipi.