Vitanda Ndiyo Kazi Rahisi: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Hospitali za Dharura Wakati wa Milipuko

Maswali yaliyotufikia safari hii karibu yote yanahusu majengo: nani alijenga, kwa siku ngapi, vitanda vingapi. Tumejibu. Ila mtaona tunarudi kila mara kwenye maji, kinyesi na zamu za wauguzi, kwa sababu huko ndiko hospitali hizi zilikosimama au kuanguka.

Hospitali ya kwanza ya mlipuko ilijengwa wapi?

Kuwatenga wagonjwa ni jambo la kale, kwa hiyo neno "ya kwanza" tulitumie kwa tahadhari. Inayotajwa zaidi ni ya Venice, mwaka 1423, serikali ya mji ilipotenga kisiwa cha Santa Maria di Nazareth kwa wagonjwa wa tauni. Baadaye kikaitwa Lazzaretto Vecchio. Mwaka 1468 wakafungua kisiwa cha pili, Lazzaretto Nuovo, kwa mabaharia na mizigo iliyoshukiwa tu. Hapo ndipo penye somo: mgonjwa kisiwa hiki, mshukiwa kisiwa kile. Mshukiwa akilazwa na wagonjwa, hata kama aliingia mzima, ataugua humo humo. Kosa hilo limerudiwa mara nyingi mno tangu wakati huo.

Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, ilikuwa imeshaweka siku 30 za kusubiri mwaka 1377. Siku zilipofika 40, neno la Kiitaliano la arobaini likatupa "karantini".

Wazee husema hospitali za namna hiyo zilikuwa mahali pa kufia tu. Wanatia chumvi?

Si sana. Homa ya manjano ilipoingia Philadelphia mwaka 1793, wagonjwa maskini waliwekwa kwanza kwenye jengo la sarakasi, na majirani wakatishia kulichoma moto. Wakahamishiwa Bush Hill, jumba la tajiri lililokuwa tupu nje kidogo ya mji. Hakukuwa na utaratibu wowote pale: wanaokata roho, wenye nafuu na waliokwisha kufa walilala chumba kimoja, na waliolipwa kuwauguza walifanya wapendavyo.

Mwezi Septemba wafanyabiashara wawili, Stephen Girard na Peter Helm, walijitolea kuisimamia. Girard alichukua mambo ya ndani, Helm ya nje. Walichofanya kingeweza kuandikwa kwenye kikaratasi: kusafisha vyumba, kila mtu kitanda chake, mahututi chumba chao, chakula kwa wakati, maiti kuondolewa haraka. Daktari wao, Jean Devèze, hakukubali mtindo wa siku hizo wa kumtoa mgonjwa damu kwa wingi. Mji ulipoteza watu wapatao 5,000 kati ya kama 50,000, na hakuna aliyejua kwamba mwenezaji ni mbu. Hata hivyo watu waliacha kuiogopa Bush Hill.

Hofu hairudi nyuma kwa matangazo. Hurudi mtu akiona kinachoendelea ndani. Ndiyo maana vituo vya Ebola huzungushiwa uzio wa wavu wa safu mbili, zikiachana kama mita 2: ndugu anasimama upande huu, mgonjwa upande ule, wanaongea bila kugusana. Turubai linaloziba kila kitu huzaa uvumi kabla ya jua kuzama. Mwaka 2018, huko Beni, Kongo, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta angavu, muuguzi akimhudumia mgonjwa kupitia mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani.

Kambi ya matibabu ya kipindupindu inapangwaje? Tafadhali hatua kwa hatua.

Anza na maji, usianze na mahema. Hesabu lita 60 kwa kila mgonjwa kwa siku. Kama eneo halifikiwi na boza la maji au bomba, tafuta jingine, hata liwe na kivuli kizuri namna gani. Vyoo na mashimo ya taka yakae angalau mita 30 kutoka kisima chochote.

Kisha chora njia. Mlango mmoja wa wagonjwa, penye mlinzi, maji ya kunawa na mahali pa kukanyaga klorini. Hatua chache ndani ni meza ya uchambuzi: asiyeishiwa maji mwilini hupewa chumvichumvi za kunywa na kurudi nyumbani, wa katikati huwekwa chini ya uangalizi wa saa kadhaa, aliyelegea hupita moja kwa moja kwenye wodi ya dripu. Wanaopata nafuu wana hema lao. Jiko, stoo na chumba cha wafanyakazi viwe ng'ambo ya uzio, upande safi. Taka na maiti viwe mwisho kabisa, na mlango wao wa nyuma, ili machela isipite mbele ya wanaokula.

Kitanda chenyewe ni cha turubai au plastiki, kina tundu usawa wa makalio, na chini yake ndoo. Daktari wa jeshi la majini la Marekani, Raymond Watten, ndiye aliyekipa umaarufu. Wengi hudhani tundu ni la kupunguza kazi ya kufua mashuka. Kazi yake kubwa ni kupima. Ndoo ichorwe alama za lita kwa ndani. Muuguzi akisoma lita 3 tangu asubuhi, anajua lita 3 lazima zirudi mwilini. Ndoo isiyo na alama ni choo tu. Kabla ya kuiweka, mimina klorini ya asilimia 2 kina cha sentimita moja. Ndoo ya pili, ya matapishi, hukaa kando ya kichwa.

Mtu mzima aliyekauka kabisa hupewa kwa dripu maji ya Ringer, yaani maji yenye chumvichumvi za mwili, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: 30 katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtu wa kilo 60 atapokea lita 1.8, kisha 4.2. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hicho hicho kwa kilo, ila polepole: 30 kwa saa moja, 70 kwa saa tano. Makosa tunayoyajua ni mawili. La kwanza, dripu kwenda taratibu mno mwanzoni, kwa sindano nyembamba, mgonjwa akafa na chupa ikiwa nusu. La pili ni kuiacha iendelee wakati mtu anaweza kunywa. Akiba ya siku tatu huisha kwa siku moja, na mzee au mtoto huweza kujaa maji mapafuni.

Kunywa kunatosha kwa wengi kuliko tunavyopenda kuamini. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi huko Bongaon, India, chupa za dripu zilipokwisha, Dilip Mahalanabis aliamua kutumia mchanganyiko wa kunywa: kwa lita moja ya maji, glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5 na magadi ya kuokea gramu 2.5. Uliwekwa kwenye madumu, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo, vilivyokuwa kama asilimia 30, vilishuka hadi chini ya 4. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na vyumba viwili na wagonjwa sakafuni.

Nina unga wa klorini wa asilimia 70. Nachanganyaje?

Kanuni: chukua asilimia unayoitaka, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa asilimia ya unga. Jibu ni gramu kwa lita moja. Ukitaka 0.5 utapata gramu 7 na kidogo; kwa ndoo ya lita 20 ni kama gramu 143, yaani vijiko vya chakula 10. Ya 0.05, ya kunawia mikono, ni kijiko kimoja kwa ndoo hiyo hiyo. Ya 0.2, ya sakafu na vitanda kwenye kipindupindu, vijiko 4. Ya asilimia 2, ya kinyesi na maiti, vijiko 40.

Tumia ndoo ya plastiki, kwa kuwa klorini hula chuma, na tia maji kwanza ndipo unga. Acha mashapo yatulie, la sivyo pampu itaziba asubuhi ile ile. Funika, weka kivulini, tengeneza mpya kila siku. Usichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Rangi za ndoo ziwe tofauti kwa kila nguvu, maana anayenawa kwa 0.5 siku nzima atachubuka, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa vimelea. Jingine: klorini humalizwa na uchafu. Ukiimwaga juu ya tope la damu au kinyesi, nguvu yake inaishia kwenye tope. Ondoa uchafu kwanza, kisha paka. Na usimpulizie mtu. Haisaidii, inaumiza macho na mapafu.

Ni kweli mwaka 1918 wagonjwa wa mafua walilazwa nje juani?

Kweli. Kwenye kilima cha Corey, karibu na Boston, mabaharia wagonjwa waliwekwa kwenye mahema na mchana vitanda vikatolewa nje, wakiwa na blanketi na chupa za maji moto miguuni. Wahudumu walivaa barakoa za shashi zilizokingwa na waya ili zisiguse mdomo. Waliosimamia waliripoti vifo vichache kuliko wodini. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiusifu jua kupita kiasi. Hewa, hata hivyo, ina hesabu yake: mwongozo wa WHO wa 2009 kwa wodi zinazotegemea madirisha unataka lita 160 za hewa kwa sekunde kwa mgonjwa mwenye ugonjwa wa hewani. Hema lililokunjwa kuta linafika. Ukumbi uliofungwa haufiki.

Meli je, ziliwahi kutumika?

London, kwa ndui. Watu wa mtaa wa Hampstead walipeleka hospitali ya ndui mahakamani, na mamlaka ya mji ikaishia kufunga meli tatu, Atlas, Endymion na Castalia, kwenye mto Thames. Mwaka 1884 zilihamishiwa Long Reach, na zilitumika hadi mwanzoni mwa karne ya 20, majengo ya nchi kavu yalipokuwa tayari. Mto ulitatua kesi ya majirani. Chombo cha mbao chenye majiko na wagonjwa wasioweza kutembea kilileta wasiwasi wake wa moto.

Wachina walijengaje hospitali kwa siku 10? Na ile ya London ya vitanda 4,000 ilikuwa upotevu?

Huoshenshan ya Wuhan, vitanda 1,000 vya wagonjwa wa UVIKO-19, ilikabidhiwa tarehe 2 Februari 2020. Ramani haikuanza sifuri. Ilitokana na Xiaotangshan ya Beijing, iliyosimamishwa kwa wiki moja mwaka 2003 wakati wa SARS. Ardhi ilisawazishwa, ikatandikwa utando usiopitisha maji ili majitaka yasizame ardhini, kisha vyumba vilivyotengenezwa kiwandani vikapangwa kama matofali. Mbinu ni ya zamani: mwaka 1855 Isambard Kingdom Brunel alibuni hospitali ya mbao ya vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Renkioi, Uturuki, kwa ajili ya vita vya Crimea. Kila jengo lilibeba wagonjwa 50, na vyoo vyake, mifereji yake na feni ya kuzungusha kwa mkono. Wagonjwa kama 1,300 walipita, wakafa kama 50. Sifa hizo tuzipunguze kidogo, kwani ilifunguliwa vita vikielekea mwisho.

Kuhusu London: hospitali ya Nightingale ilifunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 ndani ya ukumbi wa maonyesho, na katika wimbi la kwanza ilipokea wagonjwa 54. Ilipangwa kwa ajili ya walio kwenye mashine za kupumulia, na mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida Uingereza anahitaji muuguzi mmoja peke yake. Wauguzi hao walikuwa tayari kazini kwenye hospitali za mji, ambazo nazo zilipanua wodi zao. Tazama pia oksijeni: mgonjwa mmoja kwa lita 10 kwa dakika hutumia lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unaisha kwa saa 11 na dakika 20. Zidisha kwa wagonjwa 500, uone idadi ya mitungi inayobebwa usiku.

Wuhan walifanya kinyume kwenye kumbi zao 16 zilizoitwa Fangcang: walipokea wagonjwa wepesi tu, kama 12,000, na oksijeni ya mtu ikishuka hadi asilimia 93 au pumzi zikifika 30 kwa dakika alihamishiwa hospitali kubwa. Ukumbi ulikuwa wa kuwatoa watu majumbani wasiambukize familia. Kwa kazi hiyo, vizuizi vya kugawanya vitanda na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi vinatosha. Kwa maoni yetu, London haikukosea kujenga. Ilikosea kumchagua mgonjwa wa kumlaza.

Ukitaka mfano wa kinyume kabisa, ni Copenhagen, 1952. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa wa polio walioshindwa kupumua, na ilikuwa na pafu la chuma, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, moja tu. Bjørn Ibsen alipendekeza kutoboa koo, kuingiza mrija na kusukuma hewa kwa mpira wa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na meno waliufinya kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi.

Mlipuko ukiisha, kambi inafungwaje?

Kwa mpangilio ule ule wa njia, kutoka upande safi kwenda upande mchafu, na wanaofunga wamevaa mavazi kamili hadi mwisho. Chuma na plastiki ngumu huoshwa kwa sabuni, hupakwa klorini na kuanikwa. Magodoro yaliyochanika, mbao na kamba huchomwa. Mahema huoshwa ndani na nje. Mengi huharibika hapa, kwa kukunjwa yakiwa mabichi yakaota ukungu. Vyoo hufukiwa kwa udongo na kushindiliwa, kisha huongezwa tena udongo ukishatitia. Mwisho, mashimo yote ya vyoo, majivu na taka kali huchorwa kwenye ramani kwa vipimo kutoka alama isiyohama, mwamba au kona ya jengo la kudumu, na nakala hubaki kwa wenyeji, ili miaka kumi baadaye mtu asichimbe kisima hapo.