Wakitoka mafunzoni wakae dirishani

Ndugu yangu, umeuliza kama kuwapeleka wakubwa wa serikali mafunzoni kunamsaidia mwananchi aliye kwenye foleni. Kunasaidia, ila wakirudi wapewe nafasi ya kubadilisha kazi yenyewe. Tazama Huduma Centre ya Nairobi, kituo cha huduma za serikali kilichofunguliwa 2013 pale jengo la Posta: idara zilizokuwa kila moja kivyake zikakubali kukaa chini ya paa moja, na baadaye ada zikawa zinalipwa kwa M-Pesa. Zamani mama alipanda matatu mara nne kufuatilia cheti kimoja cha kuzaliwa. Siku hizi anachukua namba, anakaa, anaitwa. Mimi ningemweka kila mkurugenzi mpya dirishani wiki nzima, awahudumie watu kwanza, ndipo aende Kabete, kwenye chuo cha watumishi wa serikali (Kenya School of Government), kusomea uongozi.