Mnyoo mmoja, mwalimu, si "minyoo moja"

SWALI: Nafundisha biolojia. Katika somo la vimelea wa samaki wa baharini niliandika ubaoni: "Kila minyoo ina mdomo na jino dogo la kutobolea." Mwenzangu wa Kiswahili anadai minyoo ni viumbe hai, kwa hiyo ni "minyoo hawa wana". Mimi nasema ni ngeli ya miti na mikate. Nani kashinda?

JIBU: Kashinda mwenzako, tena mapema. Umbo la m-mi halimnyang'anyi kiumbe uhai wake. Mitume walitumwa, hawakuwa mitume "iliyotumwa". Mkunga, yule samaki, anauma, mikunga wanauma. Mnyoo anatoboa, minyoo wanatoboa. Jirani zetu wa Rwanda huita nyoka na mnyoo wa tumboni kwa neno moja, inzoka. Sisi kila mmoja tumempa jina lake. Hilo limekwisha.

Kilichonipandisha presha ni hiyo "kila minyoo". Kila miti? Kila walimu? Huthubutu. Lakini ikifika zamu ya minyoo, watu wazima wenye digrii zao husahau kwamba neno lina umoja. "Nimekuta minyoo moja kwenye samaki." Moja! Mtu kaangalia, kahesabu, kapata mmoja, na bado kutamka "mnyoo" kunamshinda. Sababu naijua: neno tumelizoea kwenye dawa ya minyoo, na tumboni ni nadra kukaa peke yake, basi umoja ukaachwa uote kutu.

Mchukue Anisakis, mnyoo wa samaki wa baharini, ambaye bila shaka ndiye uliyemkusudia. Buu wake, sentimita mbili hivi, hujikunja kama springi ya saa juu ya ini la samaki au ndani ya minofu. Mweke chini ya hadubini: mbele kabisa lipo hilo jino lako, kisha umio wenye misuli, kisha kipande chenye tezi, ndipo utumbo unaanza. Akimezwa na nyangumi au pomboo, anakomaa humo.

Sasa, Anisakis simplex na Anisakis pegreffii, spishi mbili za huyo huyo, wakiwa mabuu, hadubini haikusaidii kuwatenganisha. Lazima umchukue mmoja mmoja, usome kipande cha DNA yake. Samaki mmoja anaweza kuwabeba wote wawili, na tofauti yao si ya kupuuza: Japani, wengi wa wagonjwa waliokula samaki mbichi wamekutwa na simplex, ambaye ndiye hodari zaidi wa kupenya minofu. Andika basi kwa Kiswahili chako: "Kila minyoo ilipimwa DNA." Minyoo ipi? Ilisagwa yote kwenye chupa moja? Ikisagwa pamoja, spishi mbili zimechanganyika na kazi yote imeharibika. "Kila mnyoo alipimwa": mnyoo mmoja, jibu moja, hakuna wa kuuliza.

Halafu, maadamu umetamka "kila", tegu, naye mnyoo, umemweka wapi? Tegu hana mdomo wala utumbo. Chakula hukifyonza kwa ngozi. Wale wa kundi la Trypanorhyncha, ambao wakikomaa hukaa tumboni mwa papa na samaki aitwaye taa, hujishikiza kwa minyiri minne iliyojaa kulabu. Sentensi yako imekosea sarufi, ikakosea na biolojia, na hiyo ya pili si kazi yangu. Tena mwili wa tegu ni pingili kwa pingili, kila moja na viungo vyake vya kiume na vya kike. Kama kuna anayestahili kuitwa kwa wingi akiwa peke yake, ni huyo, na bado ni tegu mmoja.

Bibi akisema "minyoo inamsumbua mtoto", mwacheni. Hapo minyoo ni maradhi, na mimi sigombani na bibi mwenye mgonjwa. Dawa ya minyoo nayo ibaki dukani na jina lake. Wewe mwenye chaki na hadubini sikuachii. Futa ubao, andika: "Mnyoo huyu ana jino la kutobolea."